Kutoka Kidau hadi Jabia: Kisa cha Darasa Moja la Chekechea Mokowe

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea Mokowe, upande wa bara wa Lamu, katika darasa la PP2 (mwaka wa pili wa chekechea) la shule ambayo sitaitaja, muhula wa pili, mvua za masika zilipokuwa zimekolea. Nilikuwa nikifika darasani humo siku 2 kwa wiki kumsaidia mwalimu wa darasa kupanga kazi za mikono za watoto. Mwalimu huyo ana uzoefu kunizidi, na ni vyema msomaji ajue tangu mwanzo kwamba wazo lililotukwamisha lilikuwa langu. Yeye alilikubali kwa adabu zaidi kuliko kwa kuridhika.

Mokowe ni mahali ambapo barabara itokayo Malindi kupitia Garsen na Witu hukomea baharini. Anayekwenda Amu, yaani mji wa Lamu ulioko kisiwani, huacha gari hapo akapanda boti, na anayetoka Amu hushuka hapo akatafuta gari. Mahali pa namna hiyo hapakosi mchanganyiko wa watu, na mchanganyiko huo umezidi kwa sababu ya kazi zilizofuatana na bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa 2021. Watoto wa darasa walikuwa 29. Kati yao 11 walitoka katika nyumba za Waamu na Wabajuni. 6 walikuwa Wakikuyu wenye asili ya Mpeketoni, wajukuu wa watu waliopewa mashamba katika mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta miaka ya 1970. 5 walikuwa Wagiriama, 3 Waorma, 2 Wasomali na 2 Waluo. Wengi walikuwa na miaka 5, wachache bado 4.

Katiba ya 2010 iliikabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti, na mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini 2019, unaweka miaka 2 ya PP1 na PP2 kabla ya Gredi ya 1. Mtaala huo unataka mtoto ajifunze kwa kutenda, na unataka mwalimu atumie lugha ya eneo la shule. Pale Mokowe sharti hili la pili lina mtego wake. Lugha ya eneo ni Kiswahili, kwa hiyo karatasini hakuna shida yoyote. Lakini mtoto wa Kiorma aliyefika muhula uliopita na maneno 20 ya Kiswahili, na mtoto wa Kiamu aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo, wanakaa kwenye mkeka mmoja na kuulizwa swali moja, na anayejibu kwanza anahesabiwa kuwa ndiye mwenye akili.

Chombo

Neno mradi nalitumia kwa maana mahususi. Si kazi ya saa moja ya kubandika karatasi za rangi ambazo mtoto huzipeleka nyumbani na mama akazitia jalalani, bali ni swali moja ambalo watoto hulifuata kwa siku nyingi, wakijenga, wakipima, wakichora na wakirudi nyuma walipokosea. Mmarekani William Heard Kilpatrick aliuandika mtindo huu mwaka 1918, akijenga juu ya fikra za John Dewey, aliyeanzisha shule yake ya majaribio Chicago mwaka 1896. Shule za watoto wadogo za Reggio Emilia, nchini Italia, zikauendeleza kwa kumtaka mwalimu aweke kumbukumbu za kila hatua, maneno ya watoto yakiwemo. Kwetu pwani jambo hili halikuja na meli. Mwanagenzi wa fundi wa vyombo hajawahi kupewa daftari. Hupewa kamba ashike, kisha nyundo, kisha msumeno. Na katika miaka ya 1980, huko Mombasa, ulianza mpango wa chekechea za madrasa uliofundisha walimu kutengeneza vifaa vya kuchezea kwa vifuu, mbegu na vitambaa, mpango uliokuja kuenea hadi Zanzibar na Uganda.

Nilipopendekeza mradi wa chombo, basi, nilidhani nimepata kitu kisicho na dosari. Bahari iko mita chache kutoka shuleni. Majahazi na mashua hupita mchana kutwa. Babu wa mmoja wa watoto alikuwa fundi mstaafu kutoka Matondoni, kijiji ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kwa kuunda vyombo, na alikuwa tayari kuja. Vifaa havikuhitaji fedha: makumbi ya nazi kuwa matumbi ya vidau, chelewa kuwa milingoti na foromali (miti ya kutungikia tanga), kanga chakavu kuwa matanga. Kama ni kujifunza kutokana na mazingira, ni mazingira gani yangetuzidi?

Wiki 3 tulizokaa na mradi huo zilikuwa za kupendeza kwa mtu aliyesimama mlangoni. Fundi alikuja na kipande cha ubao wenye mwanya, akawaonyesha jinsi pamba iliyolowekwa mafuta inavyoshindiliwa kwenye mwanya hadi maji yakose njia, kazi inayoitwa kalafati. Watoto walijifunza omo, yaani mbele ya chombo, na tezi, yaani nyuma yake, mkuku ulio uti wake wa chini, na usukani. Vidau 7 vilikamilika. Mgeni mmoja aliyepita alipiga picha nyingi na kutusifu, nami nilipokea sifa hizo bila kujitetea.

Mwalimu wa darasa hakupiga picha. Alikuwa na kidaftari ambamo kila asubuhi aliandika nani amesema nini na mikono ya nani imeshika nini, na mwisho wa wiki ya tatu aliniwekea kidaftari hicho mbele yangu bila maelezo. Nusu ya kauli zote zilikuwa za wavulana 4, wote wa nyumba za wavuvi na mafundi, na wa mbele yao akiwa mjukuu wa yule fundi, ambaye nitamwita nahodha kwa kuwa ndivyo wenzake walivyomwita. Nahodha ndiye aliyegawa kazi. Wasichana, pamoja na wale wa nyumba za Kiamu, walikuwa wamepewa kushona matanga, na walipomaliza kushona walikaa. Watoto wa Mpeketoni walikuwa wachotaji wa vifaa: leta kamba, leta gundi. Mmojawao alijaribu kutoboa kumbi apachike mlingoti, nahodha akamnyang'anya na kumwambia kwamba kwao hakuna bahari. Watoto 3 wa Kiorma hawakuwa na neno hata moja katika kurasa zote za kidaftari. Hawakusumbua, hawakulia, walikaa karibu na ukuta na kutazama. Na kwa kuwa walikuwa kimya, mimi nilikuwa nimewahesabu miongoni mwa waliotulia.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa hiki, na nitakaa hapo kidogo. Tunapenda kusema kwamba kazi ya mikono husawazisha watoto, kwamba mtoto asiyejua lugha anaweza kushiriki kwa vidole vyake. Kuna ukweli ndani yake, lakini mikono nayo huja darasani na urithi wake. Mtoto wa mvuvi ameshika kamba kabla hajaota meno yote; ameona tanga likipandishwa mara mia. Tulipoweka chombo katikati ya mkeka, tuliweka urithi wake katikati ya mkeka, tukawaambia wengine waukaribie. Na maneno yalizidisha tatizo badala ya kulipunguza, kwa sababu foromali na demani, kamba ya kuongozea tanga, ni maneno ambayo mtoto wa Kikuyu au Kiorma hana pa kuyapeleka: hana kitu nyumbani cha kukiita hivyo, mama yake hawezi kumuuliza amejifunza nini, na kesho yake neno limemtoka. Somo la kalamu na karatasi lingekuwa limewaacha nyuma wote kwa kiasi kinachokaribiana. Mradi wangu uliwapanga kwa ukoo.

Siku ya kuelea

Mabadiliko hayakutokana na mpango. Siku ya kuvijaribu vidau majini tulijaza beseni kubwa la plastiki, na watoto wakalizunguka. Kidau cha nahodha, kilichokuwa kizuri kuliko vyote, kilianza kuingiza maji mara tu kilipowekwa, kwa sababu kumbi lilikuwa na ufa chini ya kitambaa. Wavulana walikitoa, wakakikausha, wakakirudisha, kikazama tena. Katika kimya kilichofuata, mmoja wa watoto wa Kiorma, msichana mdogo kuliko wenzake, alisogea kutoka ukutani, akatia kidole ndani ya kidau kilichojaa, akasema, ‘Bisaan.’

Mwalimu hakujua neno hilo, lakini aliona kidole. Akauliza, ‘Ni maji?’ Msichana akaitikia kwa kichwa. Mvulana wa Mpeketoni, yule aliyenyang'anywa kumbi, akasema kwao nyanya yake huita maaĩ. Papo hapo msichana wa Kiamu akadai kwamba hilo ni neno lao, kwa sababu bibi yake kule Amu husema mai. Wakaanza kubishana ni la nani. Kwa hakika ni la wote wawili: Kiamu huangusha ile ‘j’ iliyomo katika Kiswahili sanifu, na Kikuyu ni ndugu wa Kiswahili katika ukoo wa Kibantu, kwa hiyo maneno hayo mawili yana shina moja na matamshi yanayokaribiana. Mgiriama akaongeza madzi, Msomali akaongeza biyo. Nahodha, ambaye kidau chake kilikuwa chini ya beseni, hakuwa na la kuongeza kwa dakika kama 5, jambo ambalo halikuwa limetokea muhula mzima.

Mwalimu alifanya jambo ambalo mimi nisingelifanya. Aliacha vidau palepale. Nilikuwa nimepanga wiki nyingine nzima ya matanga na upepo, na nilimwambia hivyo wakati wa mapumziko. Akanijibu kwamba watoto wameshauliza swali lao na kwamba mimi ndiye niliyebaki kwenye chombo.

Maji yenu yanatoka wapi

Swali la mradi wa pili lilikuwa hilo tu, na kila mtoto alitumwa nalo nyumbani. Majibu yalipokuja ndipo tulipoona tofauti ya swali hili na lile la kwanza. Mtoto wa Amu alijibu kwamba maji ya mjini hutoka kwenye visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga, na kwamba kwa bibi yake yamo kwenye birika, yaani hodhi la maji, lenye samaki. Hilo liliwashangaza wenzake, lakini ndiyo desturi ya nyumba za kale za Amu: samaki wadogo huwekwa ndani ya birika la msalani ili wale viluwiluwi vya mbu. Mtoto wa Kibajuni aliyetoka visiwa vya kaskazini alieleza jabia, sakafu na hodhi la chokaa linalokinga maji ya mvua pale ambapo visima ni vya maji ya chumvi. Watoto wa Mpeketoni walizungumzia mifereji ya paa na matangi. Wagiriama walikuwa na kisima na ndoo. Msichana wa Kiorma, kwa msaada wa binamu yake wa Gredi ya 3 aliyeitwa kutafsiri, alieleza kwamba kando ya kisima huwa na hori la udongo, kwamba ng'ombe hunywa kabla ya watu, na kwamba hori likiwa refu ndama hawafiki.

Hakuna mtoto aliyefika na jibu zima. Kila nyumba ilikuwa na kipande, na vipande hivyo havikuweza kukaa katika mkono mmoja. Huo ndio uteuzi wa mada ambao ningetakiwa kuufanya tangu awali, na namna ya kuupata ilikuwa rahisi kiasi cha kuaibisha: kuuliza nyumbani kabla ya kuchagua, wala si kuchagua kisha kuwaalika watu wa nyumbani waje kupamba.

Neno la maji liliandikwa ukutani kwa lugha za darasa zima, kila moja chini ya mchoro wa mtoto aliyelileta. Watoto 2 waliokuwa wakienda chuoni jioni kusoma Kurani waliomba kuliandika mai kwa herufi za Kiarabu, wakaanzia kulia, na mwalimu akawaachia nafasi upande huo wa karatasi. Watu wa Lamu waliandika Kiswahili kwa herufi hizo kwa karne nyingi kabla ya hizi tunazozitumia sasa, kwa hiyo sikuona kwamba tumetoka nje ya somo.

Hesabu ilijileta yenyewe. Ulizuka ubishi kuhusu sufuria pana na chupa ndefu: kipi kimebeba maji mengi zaidi? Karibu wote walisema chupa. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alionyesha kwamba watoto wa umri huu wakiona maji yaleyale yakimiminwa kutoka chombo kipana kwenda chembamba, wengi husema yameongezeka, kwa sababu jicho lao linafuata kimo peke yake. Kutambua kwamba kiasi hakijabadilika huja kwa kawaida karibu na miaka 7. Mwalimu hakujaribu kuwaharakisha. Aliwapa kibaba cha bati wapime wenyewe na kuweka kokoto moja kwa kila kibaba. Sufuria ilimeza vibaba 9, chupa 4. Baadhi walizitazama kokoto na bado wakasema chupa ni kubwa. Wengine walianza kusita, na kusita huko ndiko tulikokuwa tukikutafuta. Chupa ilipojaa kwa vibaba 4 mtoto mmoja alipaza sauti kwamba hiyo ni pishi, maana nyumbani amesikia zaka ya fitri ikipimwa, na kweli pishi moja ni vibaba 4.

Mvulana mmoja hakuweza kustahimili kugusa udongo wala kulowa. Alijikunja na kulia kila tulipomsogeza. Mwalimu alimpa kazi ya kokoto, na kwa wiki zote zilizobaki yeye ndiye aliyekuwa mhesabu wa darasa, akikaa kwenye kigoda kikavu. Nilikuwa na shaka kama kumwondolea kinachomtisha ni kumsaidia au kumfungia mlango. Mwalimu alinijibu kwamba mlango uko wazi na udongo hauendi popote.

Mvua nayo ilifanya kazi yake. Jengo la darasa lina paa la mabati, na banda la jikoni lina makuti. Tuliweka ndoo 2, moja chini ya kila ukingo. Ndoo ya mabati ilijaa haraka kwa maji meupe. Ya makuti ilijaa polepole kwa maji ya rangi ya chai, kwa sababu makuti hunyonya sehemu ya mvua na kuachia rangi yake kwenye inayobaki. Kwa watu wazima hesabu ni hii: mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo paa la mita 6 kwa 5 likipata mvua ya milimita 10 hutoa hadi lita 300, yaani mitungi 15 ya lita 20. Tuliwaeleza wazazi hesabu hiyo. Watoto wenyewe walichukua jambo moja tu, kwamba paa linaweza kuwa kisima, na kwa umri wao hilo lilitosha.

Udongo unaovuja

Walitaka kujenga jabia lao. Tulichagua pembe ya uwanja, tukakubaliana na mwalimu mkuu kwamba kina hakitapita vidole 4, kwamba hakuna mtoto atakayekuwa hapo bila mtu mzima, na kwamba maji yatamwagwa kila siku kabla ya watoto kwenda nyumbani. Masharti haya hayakuwa ya urasimu. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yasiyofika hata kiganja, na maji yaliyotuama juma moja au mawili yanatosha kukuza mbu.

Jabia la kwanza lilikuwa la udongo mtupu wa uwanjani. Lilipokauka lilipasuka kama uso wa mzee, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi hunywea unapopoteza maji. Nahodha aliamka. Kwa siku kadhaa alikuwa amezubaa, akipiga wenzake mateke ya chini kwa chini, na sasa aliona ufa, na ufa alikuwa anaujua. Alileta pamba na mafuta ya nazi kutoka nyumbani, akakalafati jabia zima kwa uangalifu ambao babu yake angeuridhia. Maji yalipita kama kawaida. Kalafati hufanya kazi kati ya mbao, ambazo zikilowa huvimba na kuibana pamba. Udongo ukilowa hulainika na kuiachia. Ubaya zaidi, mafuta yale yalizuia udongo mpya kushika. Nahodha alilia kwa hasira, na mwalimu akamwacha alie.

Aliyetatua shida ni msichana wa Kigiriama ambaye jina lake lilikuwa mara 2 tu katika kidaftari cha mradi wa kwanza. Nyumba ya kwao ni ya kukandika. Alisema udongo huu si wenyewe, unatakiwa wa kichuguu, tena utiwe mchanga na nyasi. Alikuwa sahihi kwa kila neno: udongo wa kichuguu ni laini na hushikamana vizuri, mchanga hupunguza kunywea, na nyasi huzuia ufa usitembee. Lakini kwanza ilibidi udongo wenye mafuta ukwanguliwe wote, na mkwanguaji alikuwa nahodha, kwa amri ya msichana. Mvulana wa Mpeketoni alipasua mwanzi kuwa mfereji wa kuleta maji kutoka ukingo wa paa. Ukingo mmoja wa jabia ulishushwa, kwa sababu msichana wa Kiorma alisimama mbele yake akapima kwa magoti yake na kutikisa kichwa: ndama hawatafika. Hatukuwa na ndama, bali mbuzi wa jirani tu, lakini ukingo ulishushwa.

Hata hivyo jabia halikuzuia maji zaidi ya saa moja, mpaka fundi alipokuja jioni moja, watoto wakiwa wameshaondoka, akalipaka chokaa ndani. Chokaa kibichi huunguza ngozi na macho, kwa hiyo hatukuwaruhusu kuwepo. Asubuhi waliliona jeupe, na wengine walikasirika kwamba kazi yao imemaliziwa na mtu mwingine. Nadhani walikuwa na haki. Tungeweza kuwaacha na jabia linalovuja.

Malalamiko

Wiki ya tano mama mmoja alifika na daftari la mwanawe mkononi, kurasa nyeupe, akauliza analipia nini. Hakuwa mtu wa kelele. Alimwamkia mwalimu vizuri, akaketi, akasema kwamba watoto wa shule nyingine ya jirani wanaandika hadi 50 na wake anarudi na matope. Jibu rahisi lingekuwa kumhubiria mtaala. Mwalimu alimpeleka ukutani badala yake, akamwita mtoto amsomee mama yake maneno yaliyopo pale. Mtoto alisoma matano, moja la kwao na manne ya wenzake, kisha akahesabu kokoto hadi 23 na kuruka 17. Mama alitabasamu kidogo, akasema 17 nayo ina haki yake, akaomba daftari liandikwe angalau mara 2 kwa wiki. Mwalimu akakubali. Baadhi ya wenzangu walimwona ameregea. Mimi naona ombi la mama lilikuwa la haki, maana mtoto wake ataulizwa kuandika Gredi ya 1, na wala kuandika idadi ya vibaba hakuharibu mradi.

Mvua zilipoanza kupungua, nyumba 2 za Kiorma zilihama na mifugo kufuata malisho, na msichana wetu akaondoka nazo, siku chache kabla ya jabia kupakwa chokaa. Hakuliona jeupe. Kidaftari cha mwalimu kinaonyesha kwamba katika wiki zake 5 za mradi wa maji alikuwa ametamka maneno ya Kiswahili ambayo hakuwahi kuyatamka darasani kabla, mengi yakiwa ya vitendo: chota, mwaga, shusha, lete. Katika mradi wa chombo yule asiyejua alipewa majina ya vitu. Katika mradi wa maji alihitaji vitenzi ili kazi iende, na wenzake walihitaji vyake. Tofauti hiyo sikuipanga, na ningekuwa naandika mpango mpya leo ningeianzia hapo.

Sikatai chombo. Vidau vilibaki kwenye rafu, na nisingependa mtoto akue Lamu bila kujua foromali ni nini. Kama ningerudia, ningekileta chombo baada ya maji, wakati ambapo kila mtoto ameshawahi kuwa mwenye kipande angalau mara moja, na wakati ambapo nahodha ameshawahi kukwangua udongo kwa amri ya mtu.

Muhula wa tatu aliingia mvulana mgeni kutoka Mombasa. Siku ya kwanza nahodha alimshika mkono, akampeleka ukutani, akamwonyesha michoro na kumuuliza kwao maji yanaitwaje. ‘Maji,’ akajibu mgeni, akimshangaa. Kisha akaviona vidau kwenye rafu, akauliza kama anaweza kushika kimoja, na nahodha akakaa chini kumweleza, kwa kirefu, ni upande gani wa tezi ambao hatakiwi kuugusa.